Mfarishi wa bloku 20 kutoka gunia la vipande: vitenge, khanga na mashati ya mitumba

FundiVipande (Tanga)

Wakuu, salaam. Uzi huu wa majadiliano ni wa mafundi cherehani na yeyote mwenye gunia la vipande chini ya meza. Nashona mfarishi, yaani tandiko la kitanda la matabaka lililoungwa kwa vipande, wa bloku mchanganyiko: kila bloku (mraba ulioungwa kwa vipande vidogo) ina mchoro wake, lakini zote zina kipimo kimoja, na upande wa juu wote unatoka kwenye mabaki. Vipimo nitaviweka kwa inchi kama tulivyozoea kwenye futi. Anayejua zaidi aongeze, anayepinga alete hoja.

Mpango uko hivi. Bloku 20, nne kwa upana na tano kwa urefu. Bloku ikishaungwa kwenye mfarishi inabaki inchi 12 kwa 12, kwa hiyo ikiwa bado peke yake mezani lazima isome 12½, maana mshono utameza robo inchi kila upande. Katikati ya bloku na pembeni kote unapita ukanda wa inchi 2. Jumla ni inchi 58 kwa 72, yaani kitanda cha nne kwa sita kinafunikwa urefu wote na kila ubavu unaning'inia inchi 5. Ukitaka ushuke zaidi, zungushia pindo la inchi 4, utafika 66 kwa 80.

Kwa nini nisichague mchoro mmoja nikaurudia? Kwa sababu gunia la fundi halijazwi kwa mpango. Lina robo yadi ya sare ya harusi, mkono wa gauni ambalo mteja aliamua lisiwe na mikono, kipande cha khanga kilichobaki kwenye pazia. Mchoro mmoja ukirudiwa mara 20 unadai kitambaa kilekile mara 20, na hapo utaishia dukani. Bloku mchanganyiko inakupa uhuru. Kitenge hiki kinatosha miraba minne? Kitakuwa nyota. Ni mkanda mwembamba tu? Kinaingia kwenye Kibanda cha Magogo, mchoro wa mikanda inayozunguka mraba. Na kwa anayejifunza sioni shule nzuri kuliko hii, maana kila mchoro unakulazimisha kushika jambo jipya: kukutanisha pembe, kushona kitambaa kilichokatwa mshazari, kupiga pasi bila kuvuta.

Sasa jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote. Panga gunia lako kwa giza na mwanga, usipange kwa maua. Macho ya fundi wa nguo yamezoea kutazama ua na rangi: nyekundu na kijani zimependana, tunasonga mbele. Kwenye bloku haitoshi. Kata nyota kutoka kitenge chekundu kilichokolea, uwanja wake ukate kutoka kijani kilichokolea vilevile, bandika ukutani urudi nyuma hatua nne. Nyota huioni. Ukiwa mbali, jicho linashika giza na mwanga kwanza, rangi baadaye. Kipimo rahisi ni simu. Tandaza vipande sakafuni, piga picha, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Vilivyotoka kijivu kimoja ni fungu moja hata kama kimoja ni zambarau na kingine kahawia. Tenga mafungu matatu: giza, katikati, mwanga. Bloku yoyote nitakayoeleza humu inashonwa kutoka kwenye mafungu hayo, na ukiyaheshimu unaweza kuchanganya vitambaa kumi visivyojuana na mchoro bado ukasomeka.

Utagundua haraka kwamba vitenge vyetu karibu vyote vinaangukia giza na katikati. Fungu la mwanga linakuwa jembamba. Mimi nalijaza kwa mashati ya kiume ya mitumba, yale ya pamba tupu, meupe au yenye milia myembamba ya bluu. Shati kubwa lina mgongo mpana usio na mshono, mikono miwili, na vifungo unabaki navyo. Shuka nyeupe iliyochakaa katikati, kingo zake huwa bado nzima. Merikani, ile pamba isiyopaushwa, nayo inafaa sana ikifuliwa kwanza.

Na kabla ya kuchanganya chochote, hakikisha ni pamba. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo juu ya sahani, ziwashe. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini yanayosagika. Poliesta inajikunja, inayeyuka, na kuacha kidonge kigumu. Siku hizi kuna vitenge vingi vya poliesta sokoni vinavyofanana kabisa na vya pamba kwa macho. Ukiviunga na pamba, pasi ya moto inayonyoosha pamba itaviyeyusha, na ukipunguza moto pamba inabaki na mikunjo. Vitengee gunia lao, vinafaa mifuko.

Mzaramo_Halisi

Nimekaa siti ya mbele. Shusha vipimo mkuu.

FundiVipande (Tanga)

Nashusha. Kwanza usikate bloku moja moja. Chukua siku nzima ukate gunia lote kuwa vipimo vichache vya kudumu: mikanda ya inchi 2 na ya 2½, miraba ya 3½, ya 4½ na ya 5. Kipande kikubwa kitoe mraba mkubwa kwanza, kinachobaki kitoe mkanda. Kila kipimo na mfuko wake, na ndani ya mfuko giza lisichanganyike na mwanga. Ukifika kwenye cherehani unaokota tu.

Viraka Tisa ndiyo ya kuanzia. Miraba tisa ya 4½, mitano ya giza na minne ya mwanga, kwa kupishana. Ukiona bloku hii imetoka 12½ kila upande bila kuilazimisha, mkono wako uko tayari.

Uzio ni mikanda 12 ya 2½ kwa 6½. Shona mitatu mitatu: mwanga, katikati, giza. Unapata miraba minne ya 6½. Mmoja ulale, wa jirani usimame, na giza litapanda kama ngazi.

Kibanda cha Magogo ndicho kipenzi changu kwa sababu kinakula mikanda myembamba ambayo hakuna nguo inayoitaka. Katikati weka mraba wa 3½, wengi hupenda uwe mwekundu. Mikanda yote ina upana wa inchi 2. Unazunguka upande mmoja bila kubadili mwelekeo, na urefu wake ni huu: 3½, 5, 5, 6½, halafu 6½, 8, 8, 9½, halafu 9½, 11, 11, 12½. Kwenye kila mzunguko mikanda miwili ya kwanza iwe ya mwanga, miwili inayofuata ya giza. Ukimaliza, bloku imegawanyika kwa mshazari, nusu mchana nusu usiku. Ukiwa na nne za namna hiyo unaweza kuzigeuza zikafanya almasi katikati ya mfarishi.

Nyota ya Urafiki inahitaji pembetatu, na hapa wengi hukimbia bila sababu. Usikate pembetatu na kuziunga, zitavutika. Weka mraba wa 5 wa mwanga juu ya mraba wa 5 wa giza, nje kwa nje zikiangaliana, chora mstari wa chaki kona hadi kona, shona robo inchi kila upande wa mstari, ndipo ukate juu ya mstari. Umepata miraba miwili, kila mmoja nusu giza nusu mwanga. Ipunguze iwe 4½ kamili, mshono ukipita konani. Nyota inataka minne ya hiyo, miraba minne ya mwanga ya 4½, na mmoja wa giza katikati. Ukitumia ileile minne konani, katikati ukaweka mraba wa 4½, na pande nne ukaweka jozi za mikanda ya 2½ kwa 4½, giza na mwanga, unapata Kinu cha Siagi.

Bata Warukao: mstatili wa 3½ kwa 6½ wa giza na miraba miwili ya 3½ ya mwanga. Mraba unalala juu ya kona ya mstatili, unashona kwa mshazari, unapunguza ziada ukibakiza robo inchi, unakunjua. Unarudia kona ya pili. Bata wanane, safu mbili za wanne, wanajaza bloku moja.

KijanaWaKigamboni

Fundi, asante. Swali. Kwenye Kibanda cha Magogo nimefuata vipimo hivyohivyo kwa mkasi mkali na rula ya chuma, bloku inatoka ndogo karibu inchi moja. Vipande vyenyewe nikivipima viko sawa. Tatizo liko wapi?

FundiVipande (Tanga)

Liko kwenye nafasi ya mshono, mdogo wangu, na ni jambo linalowasumbua hasa mafundi wazuri wa nguo. Sisi kwenye gauni tunaacha nusu inchi, wakati mwingine inchi nzima ubavuni, ili mteja akinenepa tufungue tuongeze. Mkono umezoea hivyo. Bloku inataka robo inchi, bila kuzidi.

Piga hesabu mwenyewe. Kibanda cha Magogo kina mishono sita ukikikata katikati kutoka upande hadi upande. Ukishona nene kuliko robo kwa sehemu moja ya kumi na sita tu, kila mshono unameza kutoka pande zote mbili, yaani sehemu moja ya nane ya inchi. Mara sita ni robo tatu ya inchi. Hiyo ndiyo inchi yako iliyopotea.

Jaribio ni hili. Kata mikanda mitatu ya inchi 1½, iunge ubavu kwa ubavu, piga pasi, pima ule wa katikati. Lazima usome inchi 1 kamili. Ukisoma pungufu, mshono wako ni mnene. Kwenye cherehani nyeusi za kukanyaga, zile za Singer na Butterfly, usiamini upana wa mguu, maana ni mwembamba. Shusha sindano taratibu juu ya rula hadi iguse mstari wa robo, kisha bandika plasta tabaka mbili tatu kwenye bamba ukifuata ukingo wa rula. Kitambaa kinateleza kikiegemea hiyo plasta. Na urefu wa mshono uwe mfupi kidogo, kushona 10 hadi 12 ndani ya inchi, kwa sababu utakata katikati ya mishono na hakuna sehemu ya kurudisha nyuma na kufunga.

MamaChiku_Ilala

Nyongeza kwenye pasi. Bloku haisuguliwi, inakandamizwa. Unainua pasi, unashusha, unainua. Ukiitembeza kama unanyoosha shati, vipande vilivyokatwa mshazari vinarefuka na bloku inakuwa na tumbo. Mishono ilaze upande wa giza, isionekane chini ya kitambaa cheupe. Na safu mbili zinazokutana, moja ilale kushoto na ya pili kulia, pembe zitashikana zenyewe ukizipapasa kwa kidole, huna haja ya pini. Wenye pasi ya mkaa, wekeni kitambaa chepesi juu, cheche ikiruka iangukie humo.

Khanga nayo ni nyembamba, inateleza na kutoa nyuzi. Ipige wanga kabla ya kukata. Uji mwembamba wa wanga wa muhogo unatosha, anika, piga pasi ikiwa bado na unyevu. Itakatika kama karatasi.

MwanaLeso (Mombasa)

Bibie FundiVipande, kazi nzuri, ila mie hapa kwa leso naweka pingamizi. Leso ina pindo, ina mji katikati, ina jina, yaani maneno yake. Ukiikata miraba ya inchi nne unapata nusu ya herufi hapa, jicho la korosho nusu kule, na maneno yamekufa. Leso mtu alipewa na mamake, au alifungwa kiunoni siku ya arusi, si kitenge cha dukani. Mimi naona leso itumike nzima kwa upande wa nyuma, isikatwe.

FundiVipande (Tanga)

Dada, pingamizi lako nalikubali nusu. Khanga nzima yenye historia sikati, na sitamshauri mtu akate. Ninazungumzia vipande ambavyo tayari ni vipande. Hata hivyo umenigusa kwenye jina. Jina halikatwi miraba. Linakatwa refu, mkanda mzima wenye maneno yote, na kuingia kwenye ule ukanda wa inchi 2 unaopita kati ya bloku. Kata 2½, maneno yakae katikati. Mfarishi wangu una "Japo sipati tamaa sikati" kwenye ukanda wa juu, unasomeka mtu akilala. Mji wa khanga kama una ua moja kubwa au chungu kimoja, unafaa kuwa katikati ya Kibanda cha Magogo, mikanda ikauzunguka kama pindo lilivyouzunguka zamani.

Vitenge na khanga zenye nyuso za viongozi au maandishi ya dini naomba kila mtu aziangalie kwa makini. Mimi sipitishi mkasi usoni mwa mtu, na maneno ya dini siyaweki upande wa miguu. Nayaweka kando kabisa.

MwanaLeso (Mombasa)

Hapo kwa mkanda umenipata. Nina mapindo ya leso kuukuu yaliyokatwa na majirani wakitengeza nepi za watoto. Jina limo lote. Naanza kesho inshallah.

Unguja_Mkongwe

Ahsanteni nyote. Mmetaja merikani. Kitambaa hicho kimeshuka hapa Unguja tangu zama za Sayyid Said. Mkataba wa biashara kati yake na Marekani ulitiwa saini 1833, na meli za Salem, Massachusetts, zikawa zikileta pamba isiyopaushwa na kupakia pembe za ndovu na gundi ya sandarusi. Kwa hiyo ule weupe wa nyuma ya nyota katika mifarishi mikongwe ya kina mama wa New England, yaani upande huo wa Salem, na ule uliovaliwa pwani yetu ulitoka kwenye viwanda vya eneo lile lile.

Suali langu. Marehemu mama yangu kaacha kanga nyingi. Ndugu tumekubaliana kila mmoja apate kumbukumbu, na kanga nyengine zimechanika, hazivaliki tena. Je, kitambaa kikongwe kitahimili?

FundiVipande (Tanga)

Pole sana kaka, Mungu amrehemu. Kitahimili ukikichuja. Kishike mbele ya dirisha kwenye jua: panapopitisha mwanga kama chandarua, paache. Kisha kivute kwa vidole gumba viwili, kwa wima na kwa ulalo. Kikilia au kikitoa ufa, hicho si cha bloku. Kilichobaki kipe mgongo: kata merikani nyembamba kwa kipimo hichohicho, zilaze pamoja, piga bandi (mishono mirefu ya muda) kuzunguka ukingo, kisha zishone kama kitambaa kimoja. Mshono ni mnene kidogo lakini kanga haibebi uzito peke yake.

Kwa kuwa ndugu mko wengi, usifanye mfarishi mmoja wa kugombaniwa. Shona Viraka Tisa, rahisi, kanga zilezile ziingie kwenye kila mfarishi. Kila nyumba iwe na kipande cha kila kanga.

Mswahili_Minnesota

Nawasalimu kutoka kwenye theluji. Huku niliko mifarishi ni utamaduni kamili. Kina mama wazee wanakutana maktaba na makanisani, na wao pia wana stoo za vitambaa walivyonunua miaka na hawajashona. Niliwaonyesha picha za uzi huu, wakasimama kwenye Kibanda cha Magogo cha kitenge muda mrefu, maana hawajazoea ua kubwa vile likikatwa mikanda.

Ninachotaka kuongeza ni kuhusu Gee's Bend, Alabama. Ni kitongoji kilichokumbatiwa na pindo la mto Alabama, na wakazi wake wengi ni vizazi vya watumwa wa shamba la pamba lililokuwa pale. Kina mama wake walishona mifarishi kutoka nguo za kazi zilizochakaa, magoti ya jinzi, magunia ya unga, chochote kilichobaki, kwa sababu nyumba zilikuwa na baridi. Mwaka 1966 kina mama wa eneo hilo walianzisha ushirika, Freedom Quilting Bee. Mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, ikaenda jumba la Whitney, New York, na 2006 posta ya Marekani ikaitoa kwenye stempu. Mchoro wao mmoja maarufu wanauita Paa la Nyumba, ni mikanda inayozunguka mraba, ndugu wa Kibanda cha Magogo. Mingi haina rula. Mstari unapinda, upande mmoja mnene, mwingine mwembamba, na unasimama mbele yake huwezi kuondoka. Kwa hiyo FundiVipande, kwa heshima zote, robo inchi si sheria ya mbinguni.

FundiVipande (Tanga)

Umesema kweli kuhusu Gee's Bend, kaka, nami nimeziangalia picha zake sana. Lakini angalia vizuri: wao wanajenga mfarishi mzima kutoka katikati kwenda nje, wanaongeza au kupunguza kadiri unavyokua, kwa hiyo kila mkanda unapimwa kwa ule uliotangulia. Bloku mchanganyiko inajengwa vipande 20 mbalimbali ambavyo lazima vikutane mwishoni. Moja ikiwa 12½ na jirani yake 11¾, hakuna uzuri hapo, kuna mkunjo. Anayetaka kushona kwa jicho ashone Paa la Nyumba kubwa moja, litapendeza. Anayeshona bloku 20 apime.

Njia ya kati ipo, na naitumia. Bloku mbili au tatu zishone kwa jicho, mikanda iliyopinda, vipande vidogo kabisa vya chini ya gunia, hadi zivuke inchi 13. Halafu zipunguze ziwe 12½. Zinapumua katikati ya zile zilizonyooka.

MwalimuMstaafu

Niongeze jirani wa karibu zaidi na sisi. Karnataka, kusini-magharibi ya India, wapo Wasidi, watu wenye asili ya Afrika ambao mababu zao walifika huko kwa njia ya bahari, wengi wakiwa watumwa wa Wareno na Waarabu. Wanawake wao wanashona mfarishi uitwao kawandi kutoka nguo kuukuu. Hawaungi bloku hata kidogo. Wanatandika kitambaa cha chini, wanaanza konani, wanakunja ukingo wa kipande, wanakilaza na kukishona kwa mkono kupita matabaka yote, kisha cha pili kikiegemea cha kwanza, wakizunguka kutoka nje hadi wafike katikati. Wakimaliza kuunga, wamemaliza na kushikiza matabaka. Kwenye pembe wanaweka vipande vidogo vilivyokunjwa wanavyoviita phula, na bila hivyo kazi inahesabiwa haijatimia. Kwa asiye na cherehani, naona njia hiyo inamfaa kuliko zote.

DadaWaNjombe

Jamani uzi mtamu. Wote mnazungumzia upande wa juu. Huku Njombe mwezi wa sita na wa saba ni baridi ya kweli, tunataka ujazo. Ndani tunaweka nini? Na unashikizaje bila mashine kubwa?

FundiVipande (Tanga)

Huku pwani mimi naweka shuka kuukuu tu, joto haliruhusu zaidi. Kwa Njombe, Lushoto, Makete, tafuta blanketi jepesi la mitumba la pamba au la flisi, lililofuliwa mara nyingi hadi limeacha kusinyaa. Pamba ya mito usiitumie huru, itakimbilia pembeni baada ya kufua mara moja.

Kitambaa cha nyuma kwa mfarishi wa 66 kwa 80: kiwe kikubwa kuliko juu kwa inchi 4 kila upande, yaani 74 kwa 88. Kitenge cha upana wa inchi 45 kikate mara mbili kwa urefu wa 74, unga ubavu kwa ubavu. Ni yadi nne na ziada kidogo, pisi moja ya yadi sita inatosha na unabaki na kitu cha pindo.

Tandika sakafuni: cha nyuma uso chini, ukivute na kukibandika kwa selotepu, juu yake blanketi, juu yake mfarishi uso juu. Piga bandi kuanzia katikati kwenda nje, mistari ya kiganja kwa kiganja. Blanketi likiwa zito, cherehani ya kukanyaga itasukuma tabaka la juu na kufanya mikunjo, usipigane nayo. Funga mafundo: uzi mnene wa pamba, sindano kubwa, shuka na kupanda, fundo mbili, kila inchi 4 au 5, kwenye pembe za bloku na katikati yake. Kazi ya jioni chache mkiwa wawili.

DadaWaNjombe

Na pindo la mwisho?

FundiVipande (Tanga)

Mikanda ya 2½ ya rangi yoyote ya giza, hata vifupi vya shibiri moja, unga mshazari hadi ufike inchi 305 hivi. Ukunje katikati kwa urefu, piga pasi, shona upande wa juu kwa robo inchi, kingo zilizo wazi zikilingana na ukingo wa mfarishi, kisha ugeuzie nyuma na umalizie kwa mkono. Pembeni ndiko kunakochakaa kwanza, hivyo tabaka mbili ni lazima.

KijanaWaKigamboni

Fundi, nimepima mikanda mitatu. Wa katikati ulisoma pungufu. Nimebandika plasta, sasa unasoma inchi 1. Swali moja la mwisho: vitenge vipya vifuliwe kabla? Na unapangaje bloku 20 zisigombane?

FundiVipande (Tanga)

Vifuliwe vyote, vipya na vikuukuu, kila rangi peke yake. Kitenge kina wanga wa kiwandani, kinasinyaa. Chekundu, cheusi na bluu iliyoiva viloweke kwenye beseni pamoja na kitambaa cheupe kidogo. Cheupe kikibeba rangi, rudia. Kikiendelea kuchuja baada ya maji matatu manne, kitoe kabisa kwenye mradi, maana kitaharibu mashati yako yote meupe siku mfarishi utakapofuliwa.

Kupanga: tandaza zote 20, rudi kwenye simu na picha nyeusi na nyeupe. Zilizo na giza zaidi ziende pembe nne na moja karibu na katikati. Nyota mbili zisikae jirani, Bata Warukao waelekee ndani. Ukanda wa kati ya bloku uwe kitambaa kimoja kwa mfarishi wote kama unacho, hapo ndipo macho yanapumzika. Kama huna cha kutosha, tumia vya giza tupu au vya mwanga tupu, usichanganye. Weka picha humu kabla hujaunga safu, tutaangalia pamoja.